Masika Ni

Nyinyi vijana mutakaosoma maneno haya, kaeni chini kwanza. Simu wekeni pembeni. Mimi sikusoma sana. Nilitoka darasa la nne, nikapewa jembe, na jembe halikunipunguzia akili. Kwa hiyo sitawazungusha. Nitasema jambo lilivyokuwa, na wale wa rika langu watacheka mahali pa kucheka, kwa sababu nao walikaa kwenye madawati kama yetu, wanne wanne, viwiko vikipigana.

Juzi hapa Kasese nilikuwa barazani nachambua maharagwe. Nikamwita mjukuu wangu Mbambu aniletee ungo. Akaitika kutoka ndani, "Hai."

"Nani amekuuliza kama uko hai?" nikamwambia. "Lete ungo."

Akaja nao huku anacheka. Shuleni kwao ameingia mwalimu mgeni, msichana wa Japani, anawafundisha watoto lugha ya kwao masomo yakiisha. "Mukaka," akasema, maana ndivyo sisi Wakonzo tunavyomwita bibi, "hai ni Kijapani. Ni 'ndiyo'. Wewe huwezi kujua."

Eti siwezi kujua. Mikono yangu ikasimama ndani ya maharagwe. Sijui harufu ile ilitoka wapi, lakini niliisikia wazi: harufu ya koti la mpira lililolowa, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa darasa, linadondosha maji sakafuni. Nikaanza kuhesabu peke yangu: ichi, ni, san. Mbambu akashika mdomo.

Kwetu wakati huo ilikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, mahali ambapo Kikonzo, Kiswahili cha Kongo na Kiingereza cha mwalimu mkuu vilikaa benchi moja bila kugombana. Baba alikuwa juu mlimani, Kyondo, kwenye kahawa yake, anashuka akimaliza kazi. Sisi na mama tulikaa chini, karibu na shule. Mimi ni Biira. Dada yangu mkubwa ni Masika. Tulikuwa darasa moja, la tatu, kwa sababu yeye alikaa nyumbani mwaka mzima akimbeba mdogo wetu mgongoni, na aliporudi shuleni akanikuta nimemfikia. Hakulipenda jambo hilo.

Mwalimu wetu alivuka mpaka kwenda kuoa upande wa Beni, na mke akamweka hukohuko. Tukabaki kama kuku. Wakati huohuo alikuwepo Bwera Mjapani mmoja aliyekuja kutafuta majani na uyoga wa mlimani. Aliyakausha katikati ya magazeti kama mtu anayepiga pasi. Lakini mvua zilikuwa zimekata njia ya kupanda, basi akapanga chumba nyuma ya shule, akawa anakaa dirishani anautazama mlima ambao hauonekani. Kiswahili chake alikipata Beni, kidogo, cha kununulia ndizi.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwembamba aliyetoka jeshini, anavaa tai hata akienda kununua chumvi. Sisi tulimwita afande. Akamfuata Mjapani dirishani.

"Darasa la tatu halina mutu. Fundisha."

"Fundisha nini?"

"Kile unachojua."

Basi akatufundisha kile anachojua.

Kwanza wamama wa Bwera walimuuliza swali ambalo sisi humuuliza kila mgeni: "Wewe ni wa ngapi kwa mama yako?" Maana kwetu mtoto hapewi jina la kupendeza, anapewa jina la zamu yake. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale, wa tatu ni Masereka. Ukitaja jina umeshataja zamu. Mjapani akainua vidole vitatu. "Jina Saburo," akasema. "Mutoto mwanaume, tatu."

Wamama wakatazamana. "Kumbe hata huko kwao beko na akili," akasema mmoja. "Basi wewe ni Masereka." Kuanzia siku hiyo akawa Mwalimu Masereka, akaletewa mihogo kama mtoto wa nyumbani.

Somo la kwanza lilikuwa salamu ya asubuhi, ohayo. Tulitoka nayo barabarani tukamsalimia kila mtu mzima tuliyekutana naye, na watu wazima wakasimama. "Hayo yapi?" wakatuuliza. "Nani amewaambia? Nyumba gani?" Walidhani tumeleta umbeya. Siku nyingine akachora ubaoni mnyama wa misitu ya kwao, mnene, mwenye manyoya, akatuambia jina lake, akatuamuru turudie kwa sauti. Jina hilo sitaliandika hapa, na nyinyi watu wazima musijifanye kuuliza. Nusu ya darasa ilirudia, nusu ikaingia chini ya madawati. Afande alikuja mbio, tai imeruka begani, akafuta ubao kwa kiganja.

"Mubaya?" akauliza Mjapani, chaki mkononi.

"Mubaya sana," akasema afande. "Chora mbuzi."

Lakini neno nililolishika mimi lilikuwa lile la kuitikia majina. Kila asubuhi alituita mmoja mmoja, bila kusoma popote, kutoka kichwani mwake, na tulitakiwa kujibu "hai". Alitueleza maana yake kwa Kiswahili chake cha ndizi: "Hai, mutu iko. Hapana hai, mutu haiko."

Sasa nyinyi mwelewe. Neno hai nililijua. Kila Jumapili katekista alisema Mungu aliye hai, akivuta sauti mpaka bati likalia. Na kwetu mtu haiko ndivyo wazee wanavyosema wakiwa hawataki kusema amekufa. Basi nikaelewa hivi: mtu huyu ametoka mbali, na kila asubuhi anatuuliza mmoja mmoja kama bado tunaishi. Nilimpenda kwa hilo. Afande alikuwa anauliza habari za kucha tu. Na si mimi peke yangu niliyeelewa hivyo. Mtoto akichelewa, jina lake likapita bila jibu, akija anapokelewa mlangoni na darasa zima: "Marehemu amefika."

Shida ikawa akina Masika. Akiita "Masika", wanasimama watatu. Mjapani akafikiri usiku, na kesho yake akawapa namba. Masika wa dirishani, binti wa mchinja mbuzi wa sokoni, akawa Masika ichi. Dada yangu akawa Masika ni. Masika wa tatu, mtoto mpole ambaye wazazi wake walitoka Butembo na vitenge vya kuuza, akawa Masika san.

"Masika ni," akaita Mjapani.

Darasa likangoja. Yeye naye akangoja.

"Ni nini?" akauliza mmoja nyuma.

"Ni," akasema Mjapani.

"Ndiyo, mwalimu, lakini ni nini?"

"Masika ni."

"Ni mutoto wa Biira," akasema Masika ichi, na watu wakaanguka kwa kicheko, kwa sababu nilikuwa nimemzidi dada yangu urefu. Dada hakucheka. Alisimama, mikono kiunoni. "Mimi nyumbani ni wa kwanza," akamwambia Mjapani. "Jina langu lenyewe ni wa kwanza. Nitakuwaje wa pili? Kwa mama gani?" Mjapani hakuelewa hata nusu, akainamisha kichwa kwa heshima, na akabaki Masika ni.

Kisha mvua ileile iliyomfunga Mjapani ikamwingia dada yangu kifuani. Mwanzo ni kukohoa tu. Baadaye akawa anapumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na macho yake yakawa yanatuangalia bila kutujua. Wanaume wa kanisa wakamweka kwenye machela, wakamfunika turubai, wakamteremsha mpaka hospitali ya misheni kule Kisinga. Mama akaenda naye na mdogo wetu mgongoni. Mimi nikaachwa na shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye mikono mizuri na mdomo uliofungwa. Nilipomuuliza habari alisema, "Chota maji." Nilipouliza tena alisema, "Hayo maji umeyachota?"

Asubuhi niliyorudi darasani, koti la mpira la Mjapani lilikuwa linadondosha maji kwenye msumari wake.

"Masika ichi."

"Hai."

"Masika ni."

Hakuna kitu. Watoto wote wakageuza shingo kuniangalia mimi.

"Masika ni," akasema tena.

Sikusikia jina. Nilisikia maneno yaliyokatwa katikati. Masika ni, kisha shimo. Mtu ameacha mlango wazi na hakuna aliyeufunga, na mimi nilijua kinachoingia kwenye mlango kama huo. Nikasimama.

"Hai," nikasema.

Darasa zima lilisikia nilichosikia mimi. Masika ni hai.

"Wewe Biira," akasema Mjapani taratibu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Masika haiko."

"Iko," nikasema, na sauti ikanipasuka. "Iko hai. Iko Kisinga."

Alinitazama kupitia miwani yake yenye ukungu. Kisha akaita Masika san.

Nikawa naitika kila asubuhi. Sikuchelewa hata mara moja. Nilikuwa naamka kabla ya shangazi, nakimbia njia nzima matope yakinipiga mgongoni, kwa hofu kwamba jina litaitwa kabla sijafika na shimo litabaki shimo. Mapumziko Masika ichi alinisubiri kwenye mlango.

"Wewe unaitika kama kasuku," akaniambia. "Dada yako akirudi atakuta umemaliza hewa yake."

"Funga mdomo."

"Nifunge, ni mfuko wa chumvi?" Alikuwa anatafuna muwa. Akanitupia kipande, akaenda zake.

Afande alinisikia siku moja akipita dirishani. Aliniita nje.

"Umeitikia jina la nani?"

"La Masika, afande."

"Wewe ni Masika?"

"Hapana, afande."

"Basi umesema uongo. Shule hii haifundishi uongo." Akamgeukia Mjapani aliyekuwa amesimama mlangoni. "Jina la asiyekuwepo, ruka."

"Ruka?" Mjapani hakulijua neno.

Afande akatafuta namna ya kumwonyesha. Mbele ya mlango palikuwa na dimbwi. Akashika tai yake, akapiga hatua nyuma, akaliruka dimbwi lote na viatu vyake vya jeshi. "Ruka," akasema kutoka upande wa pili. "Namna hii." Watoto walikuwa wamejaa dirishani, lakini hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoingia ofisini.

Mimi sikucheka hata baadaye. Jioni hiyo mtu wa baiskeli alipita akitokea Kisinga. Alisimama na shangazi kando ya migomba, akaongea chini chini. Shangazi akaweka mkono kichwani, akatikisa kichwa, akautoa mkono, akauweka tena.

"Anasemaje?" nikamuuliza alipoingia jikoni.

"Anasema mvua ya huko ni nyingi."

Sijawahi kuona mtu anashika kichwa hivyo kwa sababu ya mvua. Sikula. Nilikuwa na wazo moja tu: dada yangu anasubiri huko alipo, na kesho jina lake litarukwa kama dimbwi.

Asubuhi afande alikuwa amesimama nje ya dirisha, tunaona tai tu.

"Masika ichi," akaita Mjapani.

"Hai."

Mjapani akaitazama tai. "Masika san."

Masika san, yule mpole ambaye sijawahi kumsikia akisema neno ambalo hakuulizwa, alikuwa ameinama anakwaruza dawati kwa kucha.

"Masika san?"

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "yangu ingali bado. Ya dada ya Biira ndiyo inatangulia."

Ndipo Masika ichi aliposimama. Alisimama kama baba yake sokoni mtu akibishania nyama.

"Mwalimu, wewe ulitufundisha kuhesabu. Ichi, halafu nini?"

"Ni," akasema Mjapani.

"Umejisikia mwenyewe. Sasa mbona umeruka?"

"Afande..."

"Afande hajui Kijapani. Hesabu tena."

Mjapani akaweka chaki mezani. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Nilikuwa nimeshika dawati kwa mikono miwili.

"Ichi," akasema.

"Hai," akasema Masika ichi, bado amesimama.

Akaitazama tai dirishani mara ya mwisho. "Ni."

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Darasa zima liliitika kwa pamoja: akina Baluku wote, akina Bwambale, Masika san, na hata darasa la pili upande wa pili wa ukuta, kwa sababu ukuta haukufika kwenye bati na wao walizoea kuitikia kila kitu. "Hai."

Afande akaingia na fimbo.

"Nani ameitika?"

"Sisi," akasema Masika ichi.

Akatuangalia mstari kwa mstari. Akaiangalia fimbo, ikawa nyembamba kwa viganja vingi hivyo. Akamgeukia Mjapani. "Neno hilo maana yake hasa ni nini?"

Mjapani akafikiri. "Mutu iko," akasema.

"Iko?" afande akatuuliza sisi.

"Iko."

"Nani amemwona?"

Mimi nilikuwa nalia kimya, pua inatiririka, nayo nimeiacha. Afande akasimama pale, fimbo chini ya kwapa kama mwanajeshi. "Shule haifundishi uongo," akasema tena, lakini safari hii kama mtu anayejiambia mwenyewe. Akatoka. Tukasikia baiskeli yake ikitolewa ofisini, mnyororo ukilia, na tulipokimbilia dirishani alikuwa ameshafika barabara ya Kisinga, tai mgongoni, mvua juu yake.

Hakurudi siku hiyo. Mjapani akatufundisha nyimbo mpaka tukachoka, na mimi sikumbuki hata mmoja.

Kesho yake tulimkuta afande mlangoni mwa darasa. Matope mpaka magotini. Tai haikuwepo, nadhani iliingia kwenye mnyororo. Hakungoja Mjapani aanze.

"Masika ni," akasema. Akasimama kuvuta pumzi, maana alikuwa na baridi, na katika kusimama huko mimi nilizeeka.

"Hai," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Juzi ilikuwa vibaya. Jana amekunywa uji, na amemwambia mama yake uji hauna sukari. Anataka samaki wa ziwani, wa Kasenyi. Kaeni chini."

Hatukukaa. Masika ichi alinipiga mgongoni kwa kiganja kizima mpaka nikakohoa, akasema, "Basi sasa hata wewe pumua."

Dada alirudi amenyolewa kichwa, mwembamba, nyuma ya baiskeli ya mtu wa samaki, ananuka samaki na dawa. Siku ya kwanza darasani alivaa gauni lililopigwa pasi, akakaa wima akingoja zamu yake. Mjapani akaita Masika ni, na kabla hajafungua mdomo darasa lote likaitika hai, kwa mazoea.

"Sasa mimi nitasema nini?" akauliza dada kwa hasira.

Masika ichi akamwambia, "Wewe mgonjwa, chukua ichi. Mimi nakupa." Na hapo dada yangu, aliyelia wiki nzima kwa kuitwa wa pili, akatikisa kichwa chake kisicho na nywele. Nilikuwa nimeshamsimulia yote usiku. "Sitaki," akasema. "Ichi ukiitika haisemi kitu."

Mvua zilipokatika, mlima ukaonekana, na Mwalimu Masereka akapanda na magazeti yake. Wamama walimpa mihogo ya njiani. Hakurudi Bwera, labda alishukia upande wa Kongo. Kijapani chote kikanitoka isipokuwa ile salamu, hesabu ile fupi na jina la yule mnyama.

Mbambu alisikiliza mpaka mwisho, ungo tupu magotini. Akasema lakini, Mukaka, mwalimu wetu amesema hai ni "ndiyo" tu. Nikamwambia mwalimu wako hajakosea, mushike anachowafundisha, na mutoto asimbishie mwalimu. Dada yangu sasa yuko Kyondo kwenye kahawa ya baba, ana wajukuu kunizidi, na bado anasema uji wangu hauna sukari.

Sasa neno la mwisho, ndilo lililonikalisha chini kuandika. Nyumbani kwangu kabla ya kula tunasali, na katika sala tunataja watoto wote wa nyumba kwa jina. Wengine wako Kampala, wengine Butembo. Thembo, mjukuu wangu, alikwenda Arabuni kuendesha magari, na simu yake imenyamaza siku nyingi. Juzi jioni mkwe wangu ndiye alikuwa anataja. Alipofika kwa Thembo akasita, akanitazama usoni, akapita kwa jina lingine. Najua alinihurumia. Nikamsimamisha hapohapo, watoto wote wakafungua macho.

"Rudi nyuma," nikamwambia. "Hapa kwangu hakuna kuruka mutu. Jina la Thembo litatajwa mahali pake, na aliye karibu na mlango aitikie kwa ajili yake, kila siku, mpaka aje aitikie mwenyewe. Haya, taja tena. Halafu mupakue, chakula kinapoa."